Kapu la mboga la kila wiki kiangazi Dodoma: anza na hesabu ya maji ya Oktoba

Swali: Tuna nusu eka Veyula, nje kidogo ya jiji la Dodoma, na kisima kirefu chenye pampu ya sola. Kiangazi kisima kinatupa kama lita 3,500 kwa siku, na nyumbani pamoja na mifugo tunatumia lita 600 hivi. Maji yana chumvi kidogo. Familia kama 40, wengi wafanyakazi wa ofisi za Mtumba na wakazi wa Ilazo, wako tayari kutulipa kila mwezi ili tuwapelekee kapu la mboga kila wiki. Tunataka kuanza Juni hadi Novemba. Tupande nini, kiasi gani na lini, ili kapu lisije likakosa mboga?

Jibu:

Dada, usiwakubalie wote 40. Kwa maji mliyonayo, pandeni mboga za familia 20, mpokee malipo ya familia 15 ili mboga za familia tano ziwe akiba ya hasara, na kugawa kuanze wiki ya kwanza ya Julai badala ya Juni. Waliobaki waandikeni kwenye daftari, wasubiri mwakani. Najua inauma kumrudisha mteja aliyekuja na hela mkononi, lakini mpango wa namna hii huvunjika Oktoba, na ukivunjika mara moja wateja hawarudi.

Mei hadi Julai Dodoma kuna ubaridi, jua si kali sana, na kisima kinaonekana kutosha na kubaki. Hapo ndipo wakulima wengi wanapoongeza wateja. Agosti upepo unaanza kukausha shamba, na ikifika Oktoba na Novemba joto la mchana ni nyuzi 31 na kupita. Bustani ileile sasa inataka maji karibu mara moja na nusu ya yale iliyotaka Juni, na mvua bado mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwa hiyo idadi ya familia ipimwe kwa maji ya Oktoba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Oktoba, kila mita ya mraba yenye mazao yaliyofunika ardhi inahitaji kama lita 6 kwa siku. Kapu la familia ya watu watano, kwa mchanganyiko nitakaoueleza, linahitaji kama mita za mraba 20 za mazao yaliyo shambani kwa wakati mmoja, bila kuhesabu njia. Familia 20 ni mita za mraba 400, yaani lita 2,400 kwa siku. Ongeza maji yanayopotea kwenye mipira na pembeni mwa mimea, unafika lita 2,800 au 2,900. Mkitoa lita 600 za nyumbani, hicho ndicho mlichonacho. Familia 40 zingehitaji karibu lita 5,800, ambazo hamna. Ndiyo maana nusu eka, yenye kama mita za mraba 2,000, isiwadanganye: ardhi itabaki, maji yataisha. Sehemu inayobaki ifunikeni kwa kunde na maboga wakati wa mvua, kisha mbadilishane nayo mwaka unaofuata.

Tangi la lita 5,000 ni la lazima. Pampu ya sola ikiharibika Jumatatu na fundi akaja Jumatano, mchicha wa Oktoba hauwezi kusubiri. Tangi lililojaa linawapa siku moja na nusu ya usalama, na mkinyima maji mazao yanayovumilia, kama nyanya chungu na matembele, mnafika siku tatu.

Sasa kapu. Kwa wiki moja, familia moja ipate mafungu matatu ya mboga za majani ya aina tofauti, nyanya kilo 2, bamia nusu kilo, nyanya chungu nusu kilo, karoti nusu kilo mpaka Oktoba, hoho robo kilo, na matango mawili yakiwepo. Vitunguu viingie kuanzia Septemba, nusu kilo. Hiyo ni kama kilo 5 hadi 6. Msiahidi kilo za kila kitu. Andikeni kwamba kapu lina aina zisizopungua sita, tatu kati yake za majani, nyingine kadiri shamba litakavyotoa.

Nyanya ndiyo itakayowapa kazi kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapo. Familia 20 kwa kilo 2 ni kilo 40 kwa wiki. Nyanya fupi kama Tanya huvunwa kama wiki sita, na kwa matunzo ya kawaida mche mmoja ukikupa kilo 2 katika muda huo umefanya vizuri. Mimea 120 inatoa kilo 240, ambazo ukizigawa kwa wiki sita ni 40. Ongeza mimea 30 ya kufidia itakayokufa: 150 kwa kila awamu, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ambayo ni kama mita za mraba 56. Mnahitaji awamu nne. Kitalu cha kwanza kiwe katikati ya Machi, cha pili karibu na tarehe 25 Aprili, cha tatu mwanzoni mwa Juni, cha nne katikati ya Julai. Miche hukaa kitaluni wiki nne, na tunda la kwanza huiva siku 75 hadi 85 baada ya kuhamishia shambani. Ukihesabu kutoka kitalu cha Machi utaona kwa nini kuanza Juni hakuwezekani: ungelazimika kusia Februari na kuhamishia miche kwenye mvua ya Machi, na bakajani ingeimaliza kabla haijachanua.

Kitalu cha tano msikiweke. Nyanya inayochanua kwenye joto kali na usiku wa moto hupukutisha maua, na wakati huohuo mvua za kwanza zinaleta magonjwa.

Tatizo la kupanda kwa awamu ni kwamba awamu ya zamani inailea kantangaze kwa ajili ya awamu mpya. Mdudu huyu aliingia Tanzania mwaka 2014, na mpaka leo ndiye adui wa kwanza wa nyanya. Kiwavi anachimba ndani ya jani, unaona madoa mapana meupe kama karatasi iliyoungua, ukilinyanyua kwenye mwanga unamwona yeye na kinyesi chake cheusi. Kwenye tunda hutoboa chini ya kikonyo, pale ambapo mnunuzi hatazami. Upepo wa kiangazi Dodoma unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo awamu ya kwanza ikae upande wa magharibi wa shamba, na kila awamu mpya isogee kuelekea mashariki. Nondo wa shamba kuukuu wanasukumwa na upepo mbali na miche michanga badala ya kupelekewa. Siku awamu inapomaliza kuvunwa, ng'oeni mashina yote siku hiyohiyo. Majani na matunda yaliyotobolewa yafungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani wiki mbili. Ukiyatupa pembeni mwa shamba, nondo watatoka humo na kurudi.

Kitalu kifunikwe kwa neti yenye matundu madogo. Wekeni mitego ya harufu yenye beseni la maji ya sabuni, moja au mbili kwa kila awamu, muanze siku ya kuhamishia miche. Kuna kitu ambacho wauzaji wa kapu wanakisahau: mnavuna nyanya kila siku tatu au nne, kwa hiyo kiuatilifu ambacho lebo yake inasema subiri siku 14 kabla ya kuvuna hakiwafai tena zikibaki siku 14 kabla ya kuchuma tunda la kwanza. Dawa nzito zitumike mapema, kabla ya kuanza kuvuna, kwa kubadilisha kundi la kiambato kila baada ya kizazi cha mdudu, si jina la chupa tu. Mkianza kuvuna, baki na *Bacillus thuringiensis*, dawa ya bakteria wanaoua viwavi, na mwarobaini. Dodoma mwarobaini umejaa mitaani: tumieni mbegu, si majani, maana nguvu iko kwenye mbegu. Gramu 500 za kiini cha mbegu kilichotwangwa, lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa sababu jua huiharibu. Na kila kiuatilifu mnachonunua kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, chupa iwe na lebo inayosomeka. Watoto wa watu watakula mboga hizi wiki 22 mfululizo; hilo halina mjadala.

Mkiona kitako cha nyanya kinakuwa cheusi na kubonyea, msikimbilie dawa. Ni tunda lililokosa kalisi kwa sababu maji yalikuja leo mengi, kesho hakuna. Maji yenye chumvi yanaongeza shida hiyo. Tiba ni maji kidogo kila siku, saa ileile.

Mboga za majani zinataka nidhamu zaidi kuliko utaalamu. Mchicha upandwe kila wiki, siku moja iliyopangwa, mita za mraba 10, bila kuruka. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja kwa kumi, usie kwenye mistari ya sentimita 20. Oktoba huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Juni na Julai unachelewa, hesabu tano. Ukikosa maji siku mbili kwenye joto unakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa magumu. Aina ya Madiira 1 ina majani mapana na haiharakishi sana. Sukuma wiki mimea 100 kwa sentimita 50 kwa 50, kitalu mwanzoni mwa Aprili, na mimea mingine 100 kitalu cha Juni mwishoni, kwa sababu kufikia Septemba ile ya kwanza imechoshwa na vidukari na viwavi. Matembele mita za mraba 20 tu, yanajitegemea mwaka mzima. Spinachi mita za mraba 15: inavumilia chumvi kuliko karibu mboga zote, na ndiyo itakayowaokoa maji yakiwa mabaya zaidi. Mnafu, aina ya Nduruma au Olevolosi, unapendwa sana na unauzika. Upewe kivuli kidogo.

Nyanya chungu mimea 80 inatosha kapu zote kutoka Julai hadi Novemba bila kupanda tena, mradi msiache tunda likaiva na kuwa jekundu shambani. Kitalu Machi mwanzoni, nafasi 75 kwa 60, samadi mara mbili. Hoho mimea 80, kitalu Machi, nayo ipandwe mahali majani yatakapofunikana, kwani tunda lililo wazi linababuka na jua.

Bamia ni zao la joto. Sieni Aprili mwishoni mimea 200, mbegu zilowekwe usiku mmoja, kisha 200 nyingine wiki ya mwisho ya Julai. Ile ya kwanza itazaa polepole kwenye baridi, hilo ni la kawaida. Chumeni kila baada ya siku moja, likiwa na urefu wa kidole, hata kama si siku ya kapu, maana tunda moja lililokomaa linausimamisha mti kuzaa. Matango mashimo 20 kila wiki tano kuanzia Mei.

Karoti nilifikiri kuwaambia muiache kwa sababu ya chumvi, lakini kwenye baridi inawezekana. Mita za mraba 15 kila wiki mbili, kuanzia mwanzo wa Aprili mpaka mwisho wa Julai, halafu basi. Kina sentimita 1, mistari sentimita 20. Fukia, mwagilia, funika kwa magunia yaliyolowa. Kuanzia siku ya sita inueni gunia kila asubuhi. Siku mnapoona vijani vya kwanza, gunia liondoke jioni hiyo, si kesho, la sivyo miche inarefuka na kuanguka. Punguzieni iwe sentimita 5 mche kwa mche. Kitanda cha karoti kisiwekwe samadi mpya. Samadi mbichi huigawanya karoti miguu mitatu.

Vitunguu mita za mraba 70 tu, kitalu Aprili mwanzoni, kuvuna kuanzia Septemba. Vinakaa shambani miezi minne na zaidi, vinakunywa maji ya mboga nyingine, na mteja anavipata sokoni Majengo bila shida. Maharage mabichi msipande, chumvi itayamaliza.

Kuhusu hiyo chumvi: pelekeni lita moja ya maji maabara na muombe kipimo cha EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme; kikiwa kikubwa, chumvi ni nyingi. Majibu huandikwa kwa dS/m. Ikiwa chini ya 0.7 dS/m, pandeni mnachotaka. Kati ya 0.7 na 3, orodha niliyotoa inafaa, ila angalieni karoti na vitunguu kwa karibu. Zaidi ya 3, ondoeni hivyo viwili, ongezeni spinachi, bitiruti na mchicha. Dalili shambani ni utando mweupe juu ya udongo asubuhi na ncha za majani kuungua. Mwagilieni kwa dripu au kwa kumwaga shinani, si juu ya majani. Kila wiki tatu mwagilieni mara mbili ya kiasi siku moja, kitanda kwa kitanda, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Vitanda viwe majaruba, si matuta ya kuinuka. Tuta la kuinuka linafaa masika. Kiangazi cha Dodoma upepo unalikausha pande tatu. Chimba upana wa mita 1, urefu kadiri ya mpira wenu, uso ushuke sentimita 10 chini ya njia. Debe moja la samadi iliyoiva kwa mita za mraba nne. Samadi ya zizini ambayo bado ina joto italeta magugu na mchwa. Matandazo ya nyasi yanasaidia sana maji, lakini kwenye ardhi yenye mchwa wekeni membamba na mbali kidogo na shina, na udongo usikauke kabisa, maana mchwa wakikosa unyevu wanaingia kwenye mche wenyewe. Upande wa mashariki na kusini simamisheni uzio wa mabua ya mtama au uwele, urefu wa mtu. Neti ya kivuli iwe juu ya kitalu, na Oktoba juu ya mchicha na mnafu.

Septemba na Oktoba mtapata utitiri mwekundu kwenye nyanya chungu na bamia, hasa vitanda vilivyo karibu na barabara ya vumbi. Majani yanakuwa na vitone vya njano, chini yake kuna utando mwembamba. Mara nyingi utitiri hulipuka baada ya dawa kali kuua wadudu wanaoula. Salfa ya maji inafanya kazi kwa huo na kwa ubwiri unga wa bamia, lakini inyunyizwe jioni, kamwe si kwenye jua la nyuzi zaidi ya 30, na isiguse matango kwani inaweza kuyaunguza.

Jambo ambalo ningelifanya kuwa la lazima ni akiba ya kapu. Februari na Machi majani ni mengi kuliko watu wa kuyala. Chumeni mlenda, mkaushe kivulini kwenye chekecheke au turubai safi, mtwange. Majani ya kunde yachemsheni dakika chache kabla ya kukausha. Kilo 10 za majani mabichi hutoa kilo 1 na kidogo. Mkiwa na kilo 10 za mboga kavu na maboga 60 yaliyovunwa na kikonyo chake, yaliyopangwa juu ya mbao mahali penye hewa, basi wiki ambayo viwavi wamepita kwenye sukuma, mteja bado anapokea aina sita. Tena wapo wateja wa Mtumba, watu wa huku, ambao watafurahia mlenda kuliko hoho.

Bei ipangwe kwa kuandika bei ya rejareja ya kila aina sokoni Majengo na Sabasaba kwa wiki nne, kisha kukadiria kapu zima na kuongeza gharama ya kufikisha. Bei iwe moja msimu mzima: Agosti nyanya zikishuka sokoni mteja ataona mnamzidishia, Novemba zikipanda atajua mmemwokoa, na hili aelezwe kabla ya kulipa. Mwaka wa kwanza mlipwe mwezi kwa mwezi. Hela ya msimu mzima ni tamu, ila mkipata hasara Oktoba mtakuwa mmeshaitumia kwenye mbegu na dizeli ya trekta.

Siku ya kugawa, nyanya na matango yachumwe jioni iliyotangulia, nyanya zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi. Majani yachumwe saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi, yafungwe, yalowekwe maji safi na kufunikwa kwa gunia lililolowa. Bamia na vitunguu visiguswe na maji. Karoti zikatwe majani, kwani yakiachwa yanavuta maji kutoka kwenye mzizi na karoti inalegea kabla ya jioni. Matenga yote yawe yamefika Ilazo kabla ya saa tatu, njia ya Mtumba ikifuata, na bajaji iwe na turubai.

Kwa ratiba hii mbegu zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, zinatakiwa ziwe nyumbani kabla ya Februari kuisha.